Barua ya wazi kwa wakuu wa mikopo: nyumba ya ufukweni na mpaka wa leseni ya mthamini

Kwa wakuu wa idara za mikopo na dhamana katika mabenki na taasisi za fedha, Tanzania Bara.



Mali ya ufukweni ni ardhi inayopakana na bahari, ziwa au mto, pamoja na kila kilichojengwa au kupandwa juu yake. Kuithamini ni kutoa maoni ya kitaaluma kuhusu bei ambayo haki ya mmiliki ingepata sokoni siku fulani. Kwa nyumba ya Tabata au Mbagala kazi hiyo ina njia iliyozoeleka: hati inasomwa, mawe ya mipaka yanatafutwa kwenye majani, vyumba vinapimwa, mauzo ya mtaani yanalinganishwa. Ufukweni njia hiyo hukatika mapema. Upande mmoja wa kiwanja ni maji, na maji hayakai mahali pamoja. Nyumba huenda imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ulioliwa chini ukabaki kama kibaraza. Jirani wa kulinganisha naye bei huenda hayupo kabisa, kwa kuwa nyumba ya namna hiyo haina ya pili kutoka Bagamoyo hadi Pangani.

Hapo ndipo mabenki yanapofanya kosa ambalo barua hii inalilalamikia. Badala ya kuita kila mtaalamu kwa kazi yake, idara za mikopo humwachia mthamini mmoja, kwa muhuri mmoja, athibitishe mpaka wa bahari, uimara wa ukuta, uhalali wa gati na usalama wa mwamba, kisha aandike thamani. Anayesema kwamba sehemu ya kazi hiyo iko nje ya leseni yake huonekana msumbufu. Anayenyamaza na kutia saini hupewa kazi nyingine wiki inayofuata. Utaratibu huo ni hatari kwa benki yenyewe, kwa mkopaji na kwa taaluma nzima ya uthamini.

1. Leseni ni ya kazi gani

Tanzania Bara, uthamini unaongozwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016. Ndiyo inayompa nafasi Mthamini Mkuu wa Serikali na iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kinachoruhusiwa na usajili huo ni kutoa maoni ya thamani kwa ujuzi, uaminifu na kutoegemea upande. Usajili huo haumgeuzi mthamini kuwa mpima ardhi, mhandisi, wakili au mtaalamu wa mazingira. Kila mmoja wa hao ana sheria yake, mafunzo yake na chombo kinachomwajibisha akikosea.

Tofauti iliyopo ni kati ya kuona na kuthibitisha. Mthamini anaruhusiwa, tena anatakiwa, kuandika kwamba ukuta una ufa unaopitisha kidole. Kusema kwamba ukuta huo utahimili misimu 20 ya kusi ni kazi ya mhandisi. Anaruhusiwa kuandika kwamba jiwe la mpaka la kusini-mashariki halikuonekana. Kusema lilipaswa kuwa wapi ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni. Ripoti nyingi za ufukweni huvuka mstari huo kwa neno dogo tu: "imara", "halali", "ndani ya mipaka". Neno hilo huwekwa kwa sababu fomu ya benki ina kisanduku kinacholidai.

Nchi nyingine zimejaribu kuweka mipaka ya leseni ndani ya leseni yenyewe. Nchini Marekani, mfumo uliotokana na sheria ya shirikisho ya 1989 unagawa wathamini kwa ngazi. Mwenye cheti cha makazi anaruhusiwa nyumba za familia 1 hadi 4, hata ziwe za thamani gani. Mwenye cheti cha jumla anaruhusiwa mali za aina zote. Lakini ngazi peke yake haikuonekana kutosha. Kanuni za taaluma nchini humo zinamtaka mthamini, kabla ya kupokea kazi, ajipime kama ana ujuzi wa mali hiyo hasa. Akiwa hana, amwambie mteja, achukue hatua za kuziba upungufu huo na aeleze hatua hizo katika ripoti. Akishindwa, akatae kazi au ajitoe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti cha juu kabisa na bado asifae kuthamini nyumba iliyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini, ambavyo toleo lake jipya lilianza kutumika tarehe 31 Januari 2025, navyo vinatambua kwamba mthamini anaweza kuhitaji mtaalamu wa fani nyingine, na kwamba mchango wa mtaalamu huyo lazima uonekane wazi. Mabenki ya Tanzania hayahitaji kusubiri sheria mpya ili kuifuata busara hiyo. Yanahitaji kubadilisha barua ya agizo.

2. Mita 60 kutoka wapi?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, na ndilo linalopitiwa juujuu kuliko yote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, katika kifungu cha 7, inavitaja vinamasi vya mikoko, matumbawe, visiwa vya baharini na ziwani na ukanda huohuo wa mita 60 kuwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa hatarishi. Kila mthamini anazijua mita hizo. Swali gumu ni pa kuanzia kuzihesabu.

Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kwenye ufukwe unaoshuka taratibu, mita 1 kwa kila mita 50, mita 3 za kina ni mita 150 za mchanga. Anayehesabu kutoka maji ya kupwa atazimaliza mita zake 60 kabla hajafika penye mawimbi ya kujaa, na kwake kiwanja kizima kitakuwa huru kujengwa. Anayehesabu kutoka upeo wa maji ya bamvua atajikuta sebuleni mwa mkopaji. Na huo upeo wenyewe hautulii: mchanga husukumwa upande mmoja wakati wa kaskazi na kurudishwa upande wa pili wakati wa kusi, hivyo ufukwe uliokaguliwa Januari si ule unaokutwa Julai. Wavuvi huyajua haya bila kufundishwa. Ripoti za uthamini, nyingi mno, hazitaji hata saa ambayo mkaguzi alisimama pale.

Kenya angalau wameutaja mstari. Katiba ya 2010 inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika ardhi ya umma. Kanuni za upimaji za 1994 zinaelekeza kwamba ardhi ya serikali ya pwani ambayo haijagawiwa ikipimwa, kwa kawaida ubaki ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Hata huko mstari huo huonyeshwa na mpima ardhi. Mthamini haukisii kwa macho.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu rahisi. Kiwanja cha mfano kina upana wa mita 40 ufukweni na kina cha mita 100, na mpaka wake wa mbele uko penye upeo wa maji ya bamvua. Hati inasema mita za mraba 4,000. Ondoa mita 60 za mbele: sehemu inayoweza kujengwa ni mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600. Mthamini anayezidisha 4,000 kwa bei ya mita moja ya kiwanja cha kujenga ameuza mara mbili na nusu ya kilichopo. Sasa bahari ile mita 12. Kwenye hati zimepotea mita za mraba 480, asilimia 12 ya kiwanja. Lakini zile mita 60 husogea na maji, zikafuata nchi kavu. Sehemu ya kujenga inabaki mita 28 kwa 40, yaani 1,120. Imepungua kwa asilimia 30. Mmiliki aliyepoteza mchanga wa mbele amepoteza pia sehemu ya ua wa nyuma ambao maji hayajaugusa. Hakuna fomu ya benki inayoliuliza jambo hilo.

Wengine hujitetea kwa kutumia simu kuchukua majira ya nukta. Simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa. Kwenye kiwanja cha mfano, kosa la mita 5 kuelekea baharini ni mita za mraba 200. Kwa shamba la mikorosho hilo ni jambo dogo. Kwa kiwanja cha ufukweni ni bei ya nyumba.

Lipo pia swali la nyumba ya zamani iliyomo ndani ya ukanda huo, iliyojengwa kabla ya 2004. Imesimama, ina watu, ina umeme. Ikiungua kesho, mmiliki ataruhusiwa kuijenga upya palepale? Jibu ni la wakili na mamlaka ya mazingira. Mthamini anayeandika thamani kamili ya jengo bila kuuliza ameshalijibu swali la mtu mwingine, na amelijibu "ndiyo".

Na lipo diko. Katika vijiji vingi vya pwani, kiwanja kinachoitwa cha mtu mmoja kina njia iliyokanyagwa na vizazi kwenda mahali mashua zinapovutwa nchi kavu na samaki kunadiwa. Hati haiionyeshi njia hiyo, lakini watu wapo. Benki ikiuza kiwanja kwa mnunuzi atakayejenga ukuta, mgogoro utazaliwa siku ya msingi. Mthamini anaweza kuiona njia na kuiandika, na anapaswa. Haki ya kupita ipo au haipo, hilo si lake kuamua.

3. Ukuta, gati na mwamba

Ukuta wa bahari unatazamwa vizuri ukiwa umesimama chini yake, maji yakiwa yamekupwa. Kwa juu huwa umepakwa chokaa nyeupe na unapendeza. Kwa chini, penye mchanga, mara nyingi zege limebanduka kama ganda la embe bivu na nondo zimejitokeza, nyekundu, zimevimba. Chuma kikishika kutu hujaa kuliko kilivyokuwa, kikapasua zege kutoka ndani; na kama fundi alichanganya mchanga wa pwani, chumvi iliingia siku ya kwanza. Chini zaidi, mawimbi yameuchota mchanga kwenye msingi hadi mkono unapita chini ya ukuta. Aliyekuja saa 6 mchana maji yakiwa yamejaa hakuyaona hayo. Ripoti yake itasema ukuta una hali nzuri, na kwa alichokiona atakuwa amesema kweli.

Aliyeyaona afanye nini? Leseni yake inamruhusu kuandika alichokiona, kuambatisha picha, na kusema kwamba thamani imetolewa kwa sharti kwamba mhandisi athibitishe uimara. Haimruhusu kukadiria kwa hisia kwamba matengenezo yatagharimu kiasi fulani na kukikata kwenye thamani kana kwamba amepima. Benki inayokataa ripoti yenye sharti inamlazimisha kuchagua kati ya kukisia na kunyamaza.

Ukuta una tabia nyingine inayoufanya usiishie kwenye mpaka wa kiwanja. Mawimbi yanayogonga ukuta hurudi na nguvu yake, na mwisho wa ukuta ndipo mchanga unapochotwa zaidi. Jirani asiye na ukuta huliwa haraka. Hivyo thamani ya nyumba moja inategemea alichojenga mwingine, na kwingineko inategemea kilichofanyika mbali na bahari kabisa: huko Kunduchi, ambako ufukwe umeliwa kwa miongo kadhaa, uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoingia baharini umetajwa na wataalamu miongoni mwa sababu kubwa, kwa kuwa mto ulionyang'anywa mchanga haupeleki kitu ufukweni. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa walitaga humo. Miti ilitoweka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa nacho kikazama. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa. Ardhi ya pwani inaweza kuisha kabla mkopo haujaisha. Hakuna kozi ya uthamini inayomfundisha mtu kutabiri jambo hilo, lakini wako wataalamu wa bahari wanaolisomea.

Gati ni suala lingine. Nguzo zake zimesimama nje ya kiwanja, ndani ya maji yasiyo ya mmiliki, kwa kibali ambacho huenda kipo na huenda kilikuwa cha mdomo tu. Lisipokuwa na kibali kinachohamishika kwa mnunuzi, gati halimwongezei mkopeshaji dhamana yoyote. Mikoko nayo: Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali. Mkopaji anayesema "ukifyeka hapa unaiona bahari yote" anauza mandhari asiyo na haki ya kuitengeneza, na anaondoa kinga pekee iliyozuia maji yasifike barazani.

4. Bei ya jirani asiyekuwepo

Mbinu kuu ya uthamini ni ulinganisho: mali zilizouzwa karibuni, zinazofanana, mahali panapofanana. Mali ya pekee haina mwenzake, na mauzo machache yaliyopo mara nyingi yameandikwa kwa bei isiyo ya kweli ili kupunguza kodi. Mthamini huenda mbali zaidi: anatoka Mbweni anatafuta Kigamboni, anatoka Kigamboni anatafuta Tanga, na kila anapopiga hatua marekebisho yanazidi kuwa ya kubuni. Njia ya gharama, ya kujumlisha ardhi na jengo lililochakaa, inamwambia nyumba iligharimu kiasi gani. Haimwambii nani ataitaka. Mtu aliyetumia mamilioni kuchonga bwawa ndani ya mwamba huenda asipate mnunuzi atakayelipa hata nusu.

Wanunuzi wenyewe ni wachache kuliko wanavyodhaniwa. Mgeni anayevutiwa na ufukwe hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Bei inayotajwa kwa fedha za kigeni na dalali aliyesimama chini ya mnazi haina maana kama mnunuzi aliyefikiriwa haruhusiwi kununua. Muda wa hati nao una sauti: haki ya miaka 33 iliyobakiza 6 haiwezi kusimama sawa na ya miaka 99 iliyoanza juzi, hata mchanga ukiwa mweupe namna gani.

Kwa mali ya namna hiyo, jibu la kweli kwa kawaida ni wigo, pamoja na maelezo ya mashaka yaliyomo. Viwango vya kimataifa vinataka mashaka makubwa yaandikwe wazi katika ripoti. Idara za mikopo hutaka tarakimu moja, kisha hutaka ya pili, ya mauzo ya haraka, inayopatikana kwa kukata asilimia ileile inayokatwa kwa nyumba ya Sinza. Nyumba ya Sinza huenda ikapata mnunuzi ndani ya miezi michache. Ile ya juu ya mwamba inaweza kukaa miaka ikisubiri mtu mmoja, huku chumvi ikiila.

5. Visivyo nyumba na visivyo ardhi

Hoteli ya ufukweni huuzwa kama biashara: mapato, vitanda, sifa na leseni zimo ndani ya bei, na kutenganisha kilicho cha ardhi na kilicho cha biashara kunahitaji hesabu zilizokaguliwa. Karibu na Pemba, tangu 2013, kipo chumba cha hoteli kinachoelea, kitanda chake kikiwa chini ya maji. Hicho kimefungwa kwa nanga na hakina kiwanja. Tena kipo Zanzibar, na ardhi si jambo la Muungano: sheria ya 2016 ni ya Tanzania Bara. Benki yenye matawi pande zote mbili hainunui urahisi wowote kwa kumpandisha boti mthamini wake wa Dar es Salaam.

6. Siku tatu na ada moja

Agizo la kawaida hufika Jumatatu na ripoti hudaiwa Alhamisi. Ada ni ileile, iwe nyumba ya vyumba vitatu Kimara au rasi yenye nyumba nne, gati na banda la mashua. Ndani ya siku tatu huenda maji ya kupwa ya mchana yasitokee kwa saa inayofaa. Ndani ya ada hiyo hakuna fedha ya mpima ardhi, wala ya mhandisi, wala ya kurudi mara ya pili. Mkopaji naye hupiga simu, akitaja tarakimu anayoihitaji. Kisha ipo orodha ya wathamini wanaokubalika na benki, ambayo jina huweza kuondolewa bila barua. Mthamini mwenye wafanyakazi wa kulipa hujifunza haraka kwamba "sina ujuzi wa mali hii" ni sentensi ya gharama kubwa. Inapaswa kuwa sentensi ya kawaida kabisa, kama daktari wa macho anavyomwelekeza mgonjwa kwa daktari wa moyo na hakuna anayemdharau.

Mkopo ukiharibika, wanaolipa si wale waliolazimisha haraka. Mkopaji aliyekopeshwa juu ya mita za mraba 4,000 ananadiwa juu ya 1,120, na deni linalobaki linamfuata. Benki inabaki na dhamana isiyouzika. Mthamini anasimama peke yake mbele ya chombo cha nidhamu akiulizwa kwa nini alithibitisha mpaka asioupima na ukuta asioujenga. Na hapo hana utetezi, kwa kuwa saini ni yake.

7. Maombi

Kwa sababu hizo, mabenki na taasisi za fedha zinaombwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, kwa kila mali inayogusa maji, agizo la uthamini lisitolewe mpaka mpima ardhi mwenye leseni awe amerudia kuonyesha mawe ya mipaka, upeo wa maji ya bamvua na mstari wa mita 60, kwenye mchoro mmoja uliotiwa saini na tarehe. Mthamini atumie mchoro huo, na thamani igawanywe wazi kati ya sehemu inayoweza kujengwa na isiyoweza.

Pili, penye ukuta wa bahari, gati, nguzo ndani ya maji au jengo lililo juu ya mwamba uliochimbika, ripoti ya mhandisi iagizwe na benki yenyewe na ilipiwe kando, isifichwe ndani ya ada ya mthamini.

Tatu, vile visanduku vya "imara" na "halali" viondolewe kwenye fomu. Mahali pake pawekwe nafasi ya kuandika kilichoonekana, saa ya ukaguzi na hali ya maji.

Nne, ripoti yenye masharti na wigo wa thamani ipokelewe kama ripoti kamili. Anayeona tarakimu moja ni lazima kwa mfumo wa kompyuta achukue ya chini.

Tano, mthamini anayekataa kazi kwa maandishi kwa sababu ya ujuzi au leseni asiondolewe kwenye orodha, na ikatazwe kabisa kazi hiyohiyo kupelekwa kwa mwingine bila barua ya kukataa kuambatishwa. Ombi hili halina gharama yoyote, na huenda likafaa kuliko yote.

Sita, ada na muda wa mali za ufukweni viwekwe peke yake. Wiki tatu zinatosha kupata mizunguko ya bamvua na maji mafu.

Saba, mikopo ambayo tayari imetolewa juu ya dhamana za ufukweni ikaguliwe upya. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vikilingana. Ofisa wa mikopo anaombwa aende mwenyewe siku hizo, mara mbili kwa siku moja: maji yakiwa yamejaa, aone yanafika wapi, na yakishakupwa, ashuke ngazi hadi mchangani, ainame, aangalie chini ya ukuta.